Viza ya Kea: Niliyoyaona Kati ya Wete na Leicester

Hapa Wete, mtu akijua kuwa nilikuwa Uingereza, salamu zikiisha swali la kwanza ni "wanalipa kiasi gani?" La pili, "mpaka unafika huko zinatoka milioni ngapi?" Tangu nirudi sijapata aliyeniuliza mwajiri ni nani, na huyo mwajiri akianguka, mfanyakazi wake anaangukia wapi. Nami naona hilo ndilo la kuulizwa kabla ya yote, kwa sababu viza ya kazi inayotolewa kwa fani zenye uhaba wa watu haiwi yako peke yako. Nusu yake anayo aliyekudhamini. Siku akinyang'anywa yeye leseni ya kudhamini wageni, na wewe umenyang'anywa.

Mimi ni muuguzi wa stashahada. Nilisoma Mbweni, nikaajiriwa huku kwetu Pemba, na miaka yangu mingi nimekaa wodi ya wazazi. Mwaka 2022 ndipo habari zilipovuma kwenye magrupu ya wauguzi: Uingereza inachukua watu wa kea, yaani wa kuhudumia wazee na wagonjwa, na hawataki shahada. Habari ilikuwa ya kweli. Waingereza walishajitoa Umoja wa Ulaya, na tangu mwanzo wa 2021 Mpolandi au Mromania alikuwa hawezi tena kuja kufanya kazi kwao bila viza. Juu ya hayo kukawa na Uviko, watu wakaikimbia kazi ya kea kwa uzito wake na udogo wa malipo yake. Mwaka 2021/22 England peke yake ilikuwa na nafasi kama 165,000 za kea zisizo na mtu. Februari 2022 serikali yao ikaiingiza kazi hiyo kwenye orodha ya fani zenye uhaba, na sisi wa mbali tukaona mlango.

Orodha ile haikuandikwa kwa ajili yetu. Imeandikwa kwa ajili ya bibi wa Kiingereza aliyelala kitandani hana wa kumgeuza ubavu. Mpemba angelielewa hili upesi zaidi kuliko mtu yeyote, maana tuna karafuu. Msimu ukiwa mkubwa, wachumaji wanatafutwa mpaka Unguja na bara, wanapewa pa kulala, wanalipwa kwa pishi, na kila mwenye shamba anawabembeleza. Karafuu zikishakauka juu ya majamvi hakuna anayeuliza mchumaji kalala wapi. Aliyekwenda Uingereza 2022 au 2023 akidhani amealikwa kwa udugu alikuja kushangaa sana 2025.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuueleza. Mwajiri wa kule anaomba serikalini leseni ya kudhamini wageni. Akiipata, kila mtu anayemtaka anamtolea cheti cha udhamini, ambacho si karatasi ya kutundika ukutani bali ni namba tu kwenye mfumo wa uhamiaji. Namba hiyo imebeba kazi utakayofanya, mahali, saa za wiki na mshahara. Unaichukua, unajazia maombi ya viza ya afya na kea. Ada ya viza wakati wangu ilikuwa pauni 247 kwa muda usiozidi miaka mitatu, na watu wa njia hii wamesamehewa ile tozo ya huduma za hospitali ambayo wageni wengine wanalipa kwa kila mwaka wa viza. Unaonyesha pia pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28, isipokuwa mwajiri akithibitisha kuwa atakukimu mwezi wa kwanza.

Kinachomchosha mtu wa Pemba ni mwendo. Mtihani wa Kiingereza, Dar es Salaam. Kipimo cha kifua kikuu, Dar es Salaam, kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wanakupiga picha ya kifua na cheti chao kinaishi miezi sita tu. Alama za vidole za viza, huko huko. Kila safari ni kuteremka Mkoani, meli mpaka Unguja, ulale kwa ndugu, alfajiri boti ya Dar. Ndiyo maana nilikuwa nawaambia wenzangu wasikimbilie kipimo cha kifua kabla ya kupata namba ya mwajiri. Shoga yangu mmoja cheti kilimwishia mkononi akiwa bado anaisubiri, ikabidi apande tena boti na alipe tena.

Mwajiri wangu wa kwanza nilimpata mwenyewe, kwa kuomba kwenye tovuti yake na kuhojiwa kwa video. Sikumlipa wakala. Sheria ya Uingereza ya 1973 ya mawakala wa ajira inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi, na hilo nililijua kabla sijaanza. Nilimchunguza vizuri. Uhamiaji wa Uingereza unatoa mtandaoni orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini, bure, unasoma jina, mji, daraja lake na aina ya viza anazoruhusiwa. Daftari la makampuni nalo liko wazi: unaona kampuni ilianzishwa lini, wakurugenzi ni nani, hesabu za mwisho ziliwasilishwa lini. Kisha kuna CQC, mamlaka inayokagua huduma za kea England, ambayo ripoti zake za ukaguzi zinasomeka na mtu yeyote. Nilizipitia zote tatu nimekaa kibarazani kwetu Wete na bando la usiku. Mwajiri wangu alikuwemo kotekote, safi.

Mshahara pia niliupiga hesabu. Cheti changu kiliandikwa pauni 20,480 kwa mwaka, kima cha chini cha kea cha wakati huo. Ukigawa kwa wiki 52, kisha kwa saa 39, unapata pauni 10 na peni 10 kwa saa. Kwa mwezi ni kama 1,706 kabla ya makato, na ikishakatwa kodi na bima ya taifa hubaki chini ya 1,500. Mtu wa Wete akisikia pauni 1,500 anazibadilisha kichwani kuwa shilingi na macho yanamtoka. Asichokibadilisha ni kodi ya chumba, petroli, bima ya gari na nguo za baridi, ambazo nazo zinalipwa kwa pauni zile zile.

Nilifika Leicester mwanzoni mwa 2023. Kazi ilikuwa ya majumbani: unazunguka na gari nyumba hadi nyumba, huku unamwogesha mzee, kule unampa dawa, kwengine unambadilisha pampasi na kumtia chakula. Kwenye simu kuna programu. Ukiingia unagusa, ukitoka unagusa, na dakika zinahesabiwa. Ratiba ya zamu ndiyo bwana wako.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa bibi wa Kigujarati, mmoja wa wale Wahindi wa Afrika Mashariki waliojaa Leicester. Kazaliwa Unguja mjini, akahama na wazee wake baada ya 1964. Siku ya kwanza alinitazama nikimfunga vifungo vya sweta akauliza kwa Kiswahili cha mjini kisicho na kasoro, "Weye mtu wa wapi?" Nikamwambia Pemba. "Wete au Chake?" Nusu saa niliyopangiwa kwake ilikuwa ya kumwosha, kumpa vidonge na kumpashia chakula, lakini alichokuwa na njaa nacho ni mazungumzo. Alitaka kujua kama mikate ya kumimina bado inauzwa Darajani, na nani siku hizi anakaa kwenye nyumba ile ya kona karibu na soko. Programu ilikuwa inalia. Kila dakika niliyomwongezea niliitoa mfukoni kwangu, na mteja wa mbele alikuwa ananisubiri nje ya mji.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe. Nilikuwa naondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi narudi saa tatu usiku, na saa nilizolipwa ni saba, au sita. Safari za kati ya mteja na mteja hazikulipwa. Sheria ya kima cha chini cha mshahara kule inazihesabu safari hizo kuwa ni saa za kazi. Hilo alinionyesha mwenzangu wa Mombasa ambaye alikuwa mwanachama wa UNISON, chama cha wafanyakazi wa huduma za umma. Nami nikajiunga. Kuna pia simu ya ACAS, taasisi yao inayoshauri mambo ya kazi, na hawaulizi una viza gani.

Na gari nalo ni hadithi nyingine. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo barabara hazinisumbui. Lakini leseni ya udereva ya kwetu inafaa kule kwa miezi 12 tu tangu uanze kuishi. Baada ya hapo unakaa mtihani wao, wa nadharia kwanza kisha wa barabarani, na foleni ya kupata tarehe inaweza kukuchukua miezi. Nimeona watu wanapoteza saa zao zote za kazi kwa sababu hiyo peke yake. Anayeambiwa kazi ni ya majumbani na aulize habari ya gari siku hiyo hiyo ya mahojiano: la nani, petroli ya nani, bima ya nani.

Mwezi wa nne au wa tano nikaanza kuona slipu ya mshahara inapungua. Saa 39 za kwenye cheti zikawa 30, kisha 22. Kampuni, ambayo sitoitaja, ilikuwa imeleta wageni wengi kuliko wazee iliokuwa nao. Kazi ya kea ya majumbani kwa sehemu kubwa inatoka halmashauri, kwa mkataba. Halmashauri ikimpa mwengine wateja, wewe ukae tu. Wala si kwamba waliitia hesabu vibaya. Wenzangu wawili, mmoja wa Kerala na mmoja wa Harare, walikuja kunieleza kuwa walilipa maelfu ya pauni kwa mtu wa kati ili wapate zile namba zao. Mwajiri wa namna hiyo amekwishapata faida yake kabla hujatua uwanja wa ndege. Saa za kazi si shida yake.

Orodha zile tatu nilizozichunguza Wete zilikuwa za kweli, na naendelea kumwambia kila mtu azichunguze. Ila zinakwambia kuwa kampuni ipo na ina ruhusa. Hazikwambii ina wazee wangapi. Hilo linajulikana kwa waliomo ndani tu.

Sisi visiwani mambo ya kumtegemea mdhamini si mageni. Mama na shangazi zetu waliokwenda Maskati kufanya kazi za ndani walikwenda chini ya kafili, na mikasa ya pasipoti kufungiwa kabatini tumeisikia tangu utoto. Hata mgeni anayekuja kupika kwenye hoteli ya Nungwi kibali chake kimefungwa kwa aliyemwajiri. Uingereza pasipoti yangu nilikuwa nayo mwenyewe, na kuhama mwajiri kunaruhusiwa. Lakini ili uhame unahitaji mwajiri mwengine mwenye leseni, namba mpya ya udhamini, na maombi mapya ya viza yenye ada yake. Kwa hiyo mtu anayelipwa saa 22 na anaogopa kulalamika si mwoga. Ameshapiga hesabu.

Mwaka 2024 kampuni ikanyang'anywa leseni. Haikuwa peke yake: kati ya Julai 2022 na Disemba 2024 serikali yao ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kea, na wafanyakazi waliokuwa chini yao ni zaidi ya 39,000. Serikali ilizitaja takwimu hizo kama ushindi dhidi ya wanyanyasaji, na mimi nafurahi wanyanyasaji kunyang'anywa. Ila aliyebaki na barua mkononi ni mfanyakazi. Ikishakufikia barua ya uhamiaji ya kufupisha viza yako unahesabiwa siku 60: uwe umepata mdhamini mpya na umewasilisha maombi, au uondoke nchini.

Zile siku sitozisimulia zote. Asubuhi naomba kazi, mchana naomba kazi, usiku najibiwa kwamba nafasi ipo ila hawadhamini. Matangazo mengi yanasema hivyo kwa herufi ndogo chini kabisa, ukishajaza fomu yote. Wengine wakajaribu kutuuzia namba upya. Mmoja alinitajia bei kwa sauti ile ile ya muuza samaki wa Darajani, nikamkatia simu.

Niliyempata mwishowe ni nyumba ya wazee, si kea ya majumbani, na hilo nililitaka makusudi: zamu za urefu wa saa kumi na mbili, mahali pamoja, hakuna gari. Kwenye mahojiano meneja aliponiuliza kama nina swali, nilimwomba anionyeshe ratiba ya zamu ya mwezi uliopita, majina yakiwa yamefichwa. Nikamuuliza vitanda vingapi vimejaa na vingapi vitupu, na wafanyakazi wangapi wamedhaminiwa. Kisha nikaomba kuzungumza na mtu wa zamu ya usiku. Alishtuka kidogo, mama wa Kiingereza wa makamo, halafu akasema hakuna aliyewahi kumuuliza, akanigeuzia kompyuta. Ratiba ilijaa, mpaka kulikuwa na mapengo wanayoyaziba na watu wa wakala. Nyumba yenye mapengo kwenye ratiba ndiyo yenye uhaba wa kweli. Mshahara kwenye cheti kipya ulikuwa pauni 23,200, kima kilichoanza Aprili mwaka ule, na safari hii slipu ilifanana na cheti.

Watu huniuliza kwa nini sikumchukua mume wangu na watoto. Niliingia kabla ya tarehe 11 Machi 2024, siku ambayo wafanyakazi wapya wa kea walikatazwa kuleta wategemezi, kwa hiyo haki hiyo nilikuwa nayo. Tuliipigia hesabu usiku mmoja kwenye simu, kodi ya nyumba badala ya chumba, mtu wa kukaa na mdogo nikiwa zamu, yeye mikarafuu yake anamwachia nani. Akasema, "Mke wangu, wewe fanya ya huko, mimi nitafanya ya huku." Basi. Waliokuja baada ya tarehe ile hawakuwa hata na hesabu ya kupiga.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Aprili 2024 ile orodha ya fani zenye uhaba ikafutwa, ikawekwa nyengine fupi zaidi. Mwisho wa 2024 kadi zetu za ukaazi zikaisha muda, kila kitu kikahamia mtandaoni. Aprili 2025 kima cha mshahara kikawa pauni 25,000, na waajiri wa kea England wakaambiwa waanze kutafuta miongoni mwa wageni waliokwishapoteza wadhamini kabla ya kuleta wapya. Kisha tarehe 22 Julai 2025 njia ya kea ikafungwa kwa maombi mapya kutoka nje. Waliomo ndani wanaweza kuendelea na kubadili waajiri mpaka 22 Julai 2028. Na ile ahadi ya kupata ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitano, ambayo wengi waliihesabia tangu siku ya kwanza, nayo mwaka 2025 serikali ilipendekeza kuirefusha. Miaka mitatu na miezi mitano, tangu kufunguliwa mpaka kufungwa.

Nilirudi mwishoni mwa 2025 kwa hiari yangu, nikijua kwamba nikishatoka, kwa njia ya kea sirudi tena. Mamaangu alikuwa mgonjwa, na nilikuwa na mpango mwengine ambao nitausema.

Sijamaliza hata kufungua mabegi, kijana wa jirani akaja na bahasha. "Anti, hebu nitazamie hii." Ndani mkataba wa kazi ya kea, Uingereza, karatasi nzuri yenye nembo, tarehe ya Oktoba 2025. Wakala wa mjini Unguja anataka milioni kumi na mbili, nusu mbele. Nilimwonyesha kwenye simu tangazo la Julai. Akasema wakala kamwambia wao wana nafasi za zamani zilizobaki. Nafasi ya zamani haibaki. Namba ya udhamini inatolewa kwa mtu mmoja kwa jina lake, ina muda wa miezi mitatu ya kutumika, na mlango ukifungwa haina pa kuingilia.

Jioni akaja mamaake. "Lakini mwanangu, mbona mtoto wa yule mwalimu wa skuli kaenda, na anatuma pesa?" Kaenda kweli, mwaka 2023. Nilimweleza taratibu kwamba mtoto wa mwalimu hasemi uongo; anasema ya jana. Ikadhihirika kuwa nusu walikuwa wameshalipa, pesa za karafuu. Nilichowashauri ni waende na risiti ofisi za kazi, maana wakala anayepeleka watu nje anatakiwa awe na leseni ya serikali, na wamuulize hiyo leseni yake mbele ya watu. Mpaka naandika haya wamerudishiwa milioni moja na ahadi nyingi.

Sasa kuna jambo ambalo mawakala hawa wanalificha, au hawalijui. Mlango wa kea na mlango wa uuguzi ni milango miwili. Julai 2025 walipopandisha kiwango cha viza ya kazi kuwa fani za ngazi ya shahada, wauguzi waliosajiliwa hawakuguswa. Muuguzi anayeanza kwenye hospitali za umma za England mwaka 2025/26 anaanzia pauni 31,049, na anadhaminiwa na hospitali ya serikali, ambayo haifungi virago usiku. Kule Leicester nilikuwa na wauguzi wa nchi nyingi wanaofanya kea, nami mmoja wao, kwa sababu kea ilikuwa haraka: Kiingereza cha B1 na basi. Uuguzi ni mrefu. Baraza lao la wauguzi, NMC, linataka alama 7 za mtihani wa Kiingereza wa IELTS katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Linataka uthibitisho wa usajili wako kutoka nyumbani, kwa sisi ni Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar. Kisha mtihani wa kompyuta, kisha ukishafika kule mtihani wa vitendo ambao mtahini anakutazama ukimpima mgonjwa wa kuigiza.

Na kuna hili la orodha nyekundu. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, Tanzania imo, na kanuni za maadili za Uingereza zinakataza waajiri na mawakala wao kwenda kuzoa wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja hakukatazwa. Kwa hiyo mtu akija Chake na koti la suti akasema ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi wa Pemba, huhitaji kuchunguza zaidi. Sisemi kanuni hiyo haina haki. Nimefanya kazi wodi yenye muuguzi mmoja usiku na wazazi wanane, najua upungufu ni wa nani. Ila nakereka inapogeuzwa kuwa siri ya kuuzia watu.

Wengine wananiuliza Ujerumani. Nayo ina milango, ule wa pointi wa kutafuta kazi ulianza Juni 2024, lakini kwa muuguzi cheti lazima kitambuliwe kwanza na Kijerumani kiwe cha kufanyia kazi wodini. Ni mwaka mzima au zaidi wa kusoma lugha kabla ya kufikiria tiketi. Kwa msichana wa miaka ishirini na mbili ni njia nzuri. Kwangu mie, hapana.

Mpango wangu ni huo wa NMC. Jumamosi mchana tunakutana wauguzi wanne ukumbini kwangu, mmoja kutoka hospitali ya Wete, wawili wa Chake, na mimi. Kusikiliza na kuzungumza hakutupi taabu sana. Kinachotukwamisha ni kuandika, ile 6.5, kwa sababu tumezoea kuandika ripoti za wodi: mgonjwa kaingia saa fulani, kapewa hiki, katoka. Mtihani unataka ubishane kwa aya nne kuhusu kama miji mikubwa ipigwe marufuku magari. Wiki iliyopita mmoja wa Chake aliandika insha yake yote kwa mtindo wa kupokezana zamu, mpaka saa kaweka. Tukacheka, tukaiandika upya pamoja, na Jumamosi hii zamu ya kuleta mada ni yangu.